Folda ya Azure inadai nywila kila ukiifungua: itafute tiketi kwanza

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, kwa maneno tofauti kidogo. "Nimeingia kwenye laptopu kwa akaunti ya kazini. Outlook inafunguka, Teams inafunguka, ila nikibofya diski ya Z, folda yetu ya pamoja, naulizwa nywila, na nikiandika nywila sahihi inakataliwa." Mara nyingi anayeuliza ameshamaliza siku nzima kwenye tovuti ya Azure (huduma ya wingu ya Microsoft) akirundika ruhusa juu ya ruhusa. Nimeyaweka hapa yote ninayomwelekeza mtu, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa ofisi isiyo na seva ya domeni, yaani kompyuta ya ofisini inayotunza akaunti za wote. Watumiaji wote wako Microsoft Entra ID (huduma ya Microsoft ya akaunti kwenye wingu), kompyuta zimeunganishwa na Entra moja kwa moja, na mafaili ya pamoja yako Azure Files (hifadhi ya mafaili ndani ya Azure). Tunachotaka ni mtu akishaingia Windows asubuhi, folda ifunguke bila kuulizwa chochote.

Nadharia ni fupi, lakini usiiruke. Folda haifunguki kwa nywila, inafunguka kwa tiketi ya Kerberos, mfumo unaomtambulisha mtu kwa tiketi badala ya nywila. Kompyuta huiomba Entra tiketi kupitia porti 443, njia ile ile ya kurasa za wavuti. Ikishaipata, huipeleka kwa Azure Files kupitia SMB, itifaki ya kushirikisha mafaili, ambayo hutumia porti 445. Hizo ni safari mbili kupitia milango miwili, na moja inaweza kwenda vizuri huku nyingine imekwama. Kisanduku cha nywila hutokea pale Windows inapokosa tiketi na kurudi kwenye NTLM, njia ya zamani ya kumthibitisha mtu kwa nywila, na Azure Files haipokei nywila ya mtumiaji kwa njia hiyo. Basi mwambie mtumiaji aache kuiandika. Hata akiiandika mara ishirini bila kukosea herufi, haitamfikisha popote.

Andaa kwanza

- Kompyuta moja yenye tatizo, na mtumiaji wake mwenyewe akiwa amekaa mbele yake. Usijaribu kwa akaunti yako ya usimamizi, maana itakupa majibu ya mtu mwingine.
- Windows 11 Pro au Enterprise iliyosasishwa. Toleo la Home haliwezi kuunganishwa na Entra kabisa. Ofisi nyingi ndogo hununua laptopu za dukani zenye Home, kisha hutafuta kosa pasipo na kosa.
- Haki za usimamizi kwenye Entra na kwenye akaunti ya hifadhi ya Azure.
- Intune (zana ya Microsoft ya kusimamia kompyuta za ofisi) kama unayo. Kama huna, rejista ya Windows (hazina ya mipangilio yake) itatosha.
- Jina kamili la akaunti ya hifadhi. Mimi nitaandika `jinalako.file.core.windows.net`, na folda nitaiita `nyaraka`.

Hatua ya 1: Ondoa ufunguo uliohifadhiwa zamani

Fungua PowerShell ya kawaida (dirisha la Windows la kuandikia amri) kwenye kompyuta ya mtumiaji, uandike:

`cmdkey /list`

Ukiona mstari wenye `jinalako.file.core.windows.net` na jina la mtumiaji `localhost\jinalako`, umekuta ufunguo wa akaunti ya hifadhi. Hutokana na skripti ya kuunganisha diski inayotolewa na tovuti ya Azure. Mtu aliinakili, akaibandika kwenye laptopu, diski ikafunguka, akasahau. Ufute, kisha ukate miunganisho iliyopo:

`cmdkey /delete:jinalako.file.core.windows.net`
`net use * /delete`

Amri ya pili hukata diski zote za mtandao, kwa hiyo mtumiaji ahifadhi kwanza alichokifungua.

Nimeiweka hatua hii mbele ya zote kwa sababu imeshaniumiza. Kuna ofisi niliyoihudumia ambako Z ilifunguka kwa kila mtu bila nywila, nami nikaamini kwamba kuingia mara moja kunafanya kazi. Siku moja kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alifungua folda ya mishahara, folda aliyokuwa haruhusiwi hata kuiona, na akaniita yeye mwenyewe kwa woga. Nilipoandika `cmdkey /list` kwenye laptopu yake nikakuta `localhost\` ikifuatiwa na jina la hifadhi. Ufunguo wa hifadhi haujali ruhusa za mafaili. Mwenye nao ni bwana wa kila kitu ndani ya folda. Laptopu zote za ofisi ile zilikuwa na ufunguo huo. Hakuna hata moja iliyowahi kutumia tiketi.

Hatua ya 2: Pima porti 445

`Test-NetConnection jinalako.file.core.windows.net -Port 445`

Unatafuta `TcpTestSucceeded : True`. Ikija `False`, weka kando mambo ya Entra na ruhusa, kwanza ushughulikie mtandao. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga 445, na wana sababu: mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia SMB kwenye porti hiyo hiyo.

Unganisha laptopu kwenye hotspoti ya simu, rudia amri. Ikipita kwenye simu na kugoma ofisini, kizuizi kiko kwenye ruta yenu au kwa mtoa huduma wenu. Ikigoma kote, angalia pia mipangilio ya mtandao ya akaunti ya hifadhi yenyewe, huenda imeruhusu anwani chache tu. Ikiwa mtoa huduma hataki kuifungua porti, njia ya uhakika ni VPN ya kwenda Azure. Usipoteze wiki mbili ukibishana naye.

Hatua ya 3: Hakikisha kompyuta imeunganishwa kweli na Entra

Bado kwenye PowerShell ya kawaida, si ile ya msimamizi:

`dsregcmd /status`

Majibu ni marefu. Soma mistari mitatu.

`AzureAdJoined` lazima iwe YES. Ikiwa ni NO na chini kidogo unaona `WorkplaceJoined : YES`, basi kompyuta imesajiliwa tu, haijaunganishwa. Hapa ndipo wanaoanza hujikwaa zaidi. Mtu alinunua laptopu, akaiwasha kwa akaunti yake binafsi, kisha akaongeza akaunti ya kazini ndani ya Outlook na kukubali kila alichoulizwa. Outlook na Teams zinaridhika na hilo, Azure Files hairidhiki. Inabidi kompyuta iunganishwe na Entra kutoka kwenye mipangilio ya akaunti za kazini, na mtumiaji aingie Windows yenyewe kwa akaunti ya kazini.

`AzureAdPrt` nayo iwe YES. Hii ni tokeni kuu ambayo Windows huipata mtu anapoingia. Ikiwa NO, mtumiaji atoke kabisa, aingie tena intaneti ikiwepo. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi kila mara.

`CloudTgt` iwe YES pia, nayo inaonyesha kwamba tiketi mama ya Kerberos kutoka Entra imefika.

Na ukiwa hapo, tazama saa ya kompyuta. Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Nimekutana na laptopu zilizoletwa kutoka Marekani zikiwa bado kwenye majira ya pwani ya magharibi ya huko. Mwenye laptopu akaona saa haiendani na ya ukutani, akaisogeza kwa mkono bila kubadili kanda ya saa. Kwa macho iko sawa, kumbe kwa hesabu ya dunia imeachana na ukweli kwa saa 10 au 11. Weka kanda ya Nairobi, washa saa ijipange yenyewe, kisha `w32tm /resync` kwenye PowerShell ya msimamizi.

Hatua ya 4: Iruhusu Windows kuchukua tiketi ya wingu

Windows haichukui tiketi hii kwa Azure Files mpaka iambiwe. Kwenye Intune, tengeneza sera ya katalogi ya mipangilio, tafuta kundi la Kerberos, washa `Cloud Kerberos Ticket Retrieval Enabled`. Huna Intune? Tumia PowerShell ya msimamizi:

`reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa\Kerberos\Parameters /v CloudKerberosTicketRetrievalEnabled /t REG_DWORD /d 1`

Washa upya kompyuta, mtumiaji aingie, kisha hakiki:

`klist cloud_debug`

Mstari wa `Cloud Kerberos enabled by policy` uwe na 1. Ukiona 0 ingawa Intune inadai sera imefika, kompyuta hiyo bado haijaipokea. Iamini kompyuta, si ripoti.

Hatua ya 5: Upande wa Azure

Kwenye akaunti ya hifadhi, nenda kwenye mipangilio ya folda za mafaili, fungua sehemu ya utambulisho, washa Microsoft Entra Kerberos. Akaunti moja ya hifadhi hukubali chanzo kimoja tu cha utambulisho. Ikiwa kuna kingine kimewashwa tayari, kizime kwanza.

Kuwasha ni theluthi tu ya kazi. Theluthi mbili zilizobaki ndizo watu huzisahau.

Kwanza, idhini. Azure huunda programu ndani ya Entra yenye jina linaloanza na `[Storage Account]` na kumalizia na anwani ya hifadhi yako. Itafute kwenye usajili wa programu, fungua ruhusa zake za API, utoe idhini ya msimamizi kwa niaba ya shirika zima. Bila idhini hiyo hakuna tiketi itakayotoka.

Pili, uthibitisho wa hatua mbili. Ikiwa mna sera ya Conditional Access (masharti ya Entra ya kuingia) inayodai hatua mbili kwa programu zote, itoe programu hii ya hifadhi kwenye sera hiyo. SMB haina dirisha la kumwonyesha mtu aweke namba kutoka kwenye simu, kwa hiyo itakataa tu. Najua inatia hofu kutoboa tundu kwenye sera ya usalama. Toa programu hii moja, kwa jina lake. Usilegeze sera nzima, na tafadhali usiwatoe watumiaji.

Kisha kuna la akaunti zilizozaliwa kwenye wingu lenyewe. Kwa miaka njia hii ilikubali tu watumiaji waliosawazishwa kutoka Active Directory (orodha ya akaunti ya seva ya domeni), ndiyo maana maelezo mengi ya zamani yanasema haiwezekani bila seva ya domeni. Siku hizi inawezekana, ila lazima ufungue manifesti (faili la mipangilio) ya programu ile ile na kuongeza thamani hii ndani ya `tags`:

`kdc_enable_cloud_group_sids`

Ukiiruka, utakuta kila kitu kingine ni cha kijani na folda bado haifunguki.

Hatua ya 6: Omba tiketi kwa mkono

Hapa ndipo utajua tatizo liko upande gani. Mtumiaji akiwa ameingia:

`klist purge`
`klist get cifs/jinalako.file.core.windows.net`

Ukipata tiketi ambayo mstari wake wa `Server` unasomeka `cifs/jinalako.file.core.windows.net @ KERBEROS.MICROSOFTONLINE.COM`, basi Entra, kompyuta, sera na idhini viko sawa. Usiviguse tena. Kilichobaki ni porti 445 au ruhusa.

Usipoipata, tatizo liko hatua ya 3, 4 au 5, na hakuna ruhusa ya folda utakayoongeza ikasaidia. Ningeomba kila msimamizi aishike hii amri kichwani. Imeniokolea muda kuliko zana nyingine yoyote katika kazi hii.

Hatua ya 7: Ruhusa mbili, si moja

Azure Files hukagua ruhusa mara mbili: ya folda nzima, halafu ya faili au folda ndogo ndani yake. Mtu lazima avuke zote mbili.

Kwa folda nzima kuna majukumu matatu ya kawaida: `Storage File Data SMB Share Reader` kwa kusoma, `Contributor` ya jina hilo hilo kwa kusoma na kuandika, na `Elevated Contributor` kwa anayebadili pia ruhusa za ndani. Kwa jaribio la kwanza weka ruhusa ya msingi, ile inayompa kila aliyethibitishwa jukumu moja. Kuwa `Owner` wa akaunti ya hifadhi hakukupi kusoma mafaili kupitia SMB. Hilo huwashangaza wasimamizi wanaojaribu kwa akaunti zao na kuambiwa hawaruhusiwi.

Mabadiliko ya majukumu hayafiki papo hapo, wakati mwingine huchukua saa kadhaa. Badilisha kitu kimoja, andika saa kwenye karatasi, nenda kafanye kazi nyingine. Anayebadilisha vitu vitano ndani ya dakika kumi hatajua kipi kilichoponya wala kipi kilichoharibu.

Ruhusa za ndani, yaani zile za NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows), zitazame kabla hujaalika watu. Folda mpya ya Azure Files huja ikimruhusu kila aliyethibitishwa kusoma na kubadili. Kwa picha za sherehe ya mwisho wa mwaka haina neno. Kwa mishahara, mikataba au taarifa za wagonjwa, ni mlango wazi. Kwa akaunti za wingu pekee, zipange kupitia tovuti ya Azure. Laptopu isiyo na domeni haiwezi kuyatafuta majina ya watumiaji na vikundi kwa njia ile ya zamani ya dirisha la `Properties`.

Hatua ya 8: Unganisha diski

`net use Z: \\jinalako.file.core.windows.net\nyaraka`

Basi. Usiongeze jina la mtumiaji, usiongeze nywila. Ukiyaongeza umeivunja njia ya tiketi kwa mikono yako.

Iandike kwenye PowerShell ya kawaida. Diski iliyounganishwa kwenye dirisha la msimamizi kwa kawaida haionekani kwenye kichunguzi cha mafaili cha mtumiaji, na utadhani amri haikufanya kazi. Tumia jina la anwani, kamwe usitumie namba za IP, kwa sababu tiketi imeandikwa kwa jina.

Ikigoma, soma namba ya kosa

*Kosa 53 au 67.* 53 ni mtandao: porti 445, au jina halipatikani kwenye DNS (daftari la majina ya mtandao). 67 mara nyingi ni jina la folda lililokosewa herufi.

*Kosa 5.* Tiketi imepatikana, ruhusa ndiyo imekosekana. Rudi hatua ya 7. Kama umetoka kubadili jukumu, subiri kwanza.

*Kosa 1219.* Windows tayari ina muunganisho mwingine kwenda anwani hiyo kwa utambulisho tofauti, na karibu kila mara ni ule ufunguo wa zamani. Rudia hatua ya 1, kisha mtumiaji atoke na kuingia.

*Kosa 1327.* Linataja vizuizi vya akaunti, na wengi hukimbilia kuangalia kama akaunti imefungwa. Kwa Azure Files, angalia kwanza sera ya hatua mbili.

*Kosa 1326, hasa mnapotumia mtandao wa faragha wa Azure.* Linasema jina au nywila si sahihi, na linapotosha. Programu ya hifadhi haijui anwani yenye neno `privatelink`. Fungua manifesti yake, kwenye orodha ya vitambulisho nakili mistari iliyopo na kuweka `jinalako.privatelink.file.core.windows.net` mahali pa anwani ya kawaida. Mistari ya zamani iache ilivyo.

*Inafanya kazi asubuhi, inakufa mchana.* Andika `klist` utazame `End Time`. Kama tiketi imeisha na haikujazwa upya, laptopu ilikosa njia ya kufika Entra, mara nyingi kwa VPN au proksi iliyowashwa katikati ya siku. Porti 443 inahitajika siku nzima, si wakati wa kuingia tu.

*Mtu mmoja anagoma, wenzake wote wako sawa, kwenye laptopu ile ile.* Hesabu vikundi alivyomo. Tiketi hubeba vikundi visivyozidi 1,010, na vikizidi haitolewi kabisa. Ofisi ndogo haifiki huko, ila mashirika yanayounda kikundi kwa kila mradi na kila timu ya Teams hufika.

Ikishafunguka kwa kila mtu

Pitia laptopu zote kwa `cmdkey /list`, hata zile ambazo hazikulalamika. Hizo hasa. Zikishakuwa safi, badilisha funguo zote mbili za akaunti ya hifadhi kutoka kwenye tovuti ya Azure. Kabla ya kubonyeza, uliza ni programu gani ya hesabu, nakala rudufu au skena inayoingia kwa ufunguo, uisasishe siku hiyo hiyo. Fanya hivyo Jumamosi asubuhi, si Jumatatu. Laptopu itakayoanza kudai nywila baada ya hapo ndiyo iliyokuwa bado imeuficha ufunguo, nayo unaanza kuishughulikia kutoka hatua ya 1.